Golikipa Aliyekataa Bajia

Kila alasiri, shule ikifungwa, Yosra alirusha mpira ukutani katika uchochoro wao mjini Sfaksi, akaudaka, akaurusha tena, mpaka jirani wa ghorofani afungue dirisha.

"We Yosra! Huo ukuta umekukosea nini?"

Yosra alicheka na kuendelea. Alikuwa golikipa wa timu ya shule ya mpira wa mikono, tena golikipa pekee. Wenzake wote walitaka kufunga magoli, na hakuna aliyetaka kupigwa mipira ya uso.

Mwaka huo timu yao ya Tunisia ilialikwa kucheza na shule moja ya Port Said, nchini Misri. Nyumbani kwa kina Yosra kukawa kama kuna harusi. Bibi Khaduja, mama yake baba, hakukaa kitako. Alioka mikate, akachemsha mayai, akachanganya samaki wa kopo na mayonezi, kisha akapaka harisa, ile pilipili nyekundu ya kusaga ambayo mtu wa Sfaksi asipoiona mezani huuliza kama kuna msiba. Mikate yote akaifunga kwa karatasi na kuishindilia kwenye begi la mjukuu wake.

"Sikiliza, kipenzi cha bibi. Usile cha barabarani. Barabara haina mama. Kula hiki kilichotoka mikononi mwangu."

"Nimesikia, Bibi."

"Apa."

"Wallahi, Bibi."

Walipanda basi hadi Tunis, ndege hadi Kairo, kisha basi jingine hadi Port Said. Ulikuwa mwezi wa Mei na jua halikuwa na huruma. Begi la Yosra lilishinda kwenye buti la basi, limebanwa kati ya viatu na mipira.

Yosra na rafiki yake Emna, winga mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu, walipangiwa kukaa kwa Mama Malak. Binti wa nyumba hiyo, Malak, ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya wenyeji.

"Karibuni sana," aliwaambia mlangoni. "Kuleni, laleni, mnenepe. Kwenye mechi hampiti kwangu hata mkileta viza."

"Tutapita juu yako, dada," alijibu Emna. "Weka tu chai."

Asubuhi iliyofuata, baada ya mazoezi, kocha wa kina Yosra, Kocha Salwa, aliwapeleka wasichana kwenye kigari cha Ami Bayumi, jirani wa Mama Malak, aliyekuwa akikaanga taamia, yaani bajia za maharage yaliyosagwa na majani mabichi. Kocha hakununua mara moja. Alisimama akiwa amefunga mikono kifuani, akatazama. Mafuta yalikuwa yakichemka. Bajia zilitoka motoni na kuingia moja kwa moja kwenye mkate. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo hakuna kilichopata nafasi ya kulala.

"Haya, tuleni," alisema. "Lakini nyanya mbichi na kachumbari waachieni wenyewe. Hatujui zimeoshwa kwa maji gani. Na maji ya kunywa ni haya ya chupa."

Yosra alipokea mkate wake kwa adabu. Harufu ilimpanda mpaka kichwani, mate yakamjaa. Lakini kiapo ni kiapo. Kocha alipogeuka tu, alimsukumia Emna.

"Una wazimu?" Emna alinong'ona, mdomo umejaa.

"Kula na unyamaze."

"Kula naweza. Hilo la pili sikuahidi."

Mchana, wenzake walipokuwa wakipumzika sebuleni, Yosra alijifungia chumbani na kufungua karatasi ya Bibi. Mkate ulikuwa umelowa na kuwa laini kama sponji. Alisikia uchachu kidogo, lakini harisa ilikuwa nyingi, na ulimi uliowaka pilipili hauulizi mengi. Akala mkate mzima akimkumbuka Bibi kwa kila tonge.

Jioni jua halijazama, tumbo likaanza. Kwanza lilinguruma, kisha likajikunja, kisha Yosra akakimbilia chooni na huko akabaki. Alitapika mpaka machozi yakamtoka. Mama Malak alimkuta ameegemea ukuta, mweupe kama unga.

"Mwanangu! Masikini mwanangu!" Alimbeba karibu kama mtoto mchanga, akampigia simu Kocha Salwa.

Kocha alifika akihema, akiwa na daktari wa zahanati ya jirani. Daktari alimpima, akaacha pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji safi, na kuagiza anywe kidogo kidogo. Akizidi au akitoa damu, apelekwe hospitali bila kungoja.

"Na mechi ya kesho?" Yosra aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kesho tutaiona kesho," alijibu daktari.

Yosra alifumba macho. Mwaka mzima wa kurusha mpira ukutani, na sasa lango litabaki wazi.

Huko sebuleni sauti zilikuwa zimepanda.

"Ni zile bajia," Kocha alikuwa akisema. "Mimi ndiye niliyewapeleka. Nitawaambia nini wazazi wake?"

"Aibu ni yangu, si yako!" Mama Malak alikuwa akijifunga kitambaa kichwani kwa hasira. "Bayumi anamlisha sumu mgeni wangu? Nyumbani kwangu? Ngoja. Leo mtaa mzima utanisikia. Kigari kile hakikaangi tena hapa!"

Yosra alisikia kila neno. Angenyamaza, hakuna ambaye angemcheka. Lakini alimwona mzee yule akilini, akifuta paji la uso kwa mkono wa shati na kumchagulia bajia kubwa kwa kuwa ni mgeni. Aliinuka akishika ukuta, akafika mlangoni.

"Mama Malak, usiende. Mimi sikula bajia."

Wote wakageuka.

"Nilikuona ukipokea mkate wako," Kocha alisema.

"Nilimpa Emna."

"Kweli," alisema Emna. "Nimekula zangu na zake, na moja ya Malak aliyoiacha kwenye sahani. Mbona mimi mzima kama ngamia?"

Malak aliangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Basi ulikula nini?" Kocha aliuliza taratibu.

Yosra alilileta begi. Kocha alifungua karatasi moja, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mayai na mayonezi! Tangu Sfaksi? Ndani ya buti la basi?"

"Bibi aliniapisha nisile cha barabarani."

Mama Malak alifungua kitambaa chake polepole, akaketi. "Ya Rabi. Nilikuwa naenda kumvunjia mtu kigari chake."

Usiku Yosra alijilaza akinywa maji yake ya chumvi kwa kijiko. Asubuhi tumbo lilikuwa limetulia. Alikula wali mweupe na ndizi, vikakaa. Daktari alirudi, akamkubalia acheze kipindi cha pili tu, iwapo hatajisikia kizunguzungu.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza langoni alisimama Emna. Sijui niseme alisimama au aliruka ruka, maana kila mpira ulipokuja alienda upande mwingine.

"Emna, mpira uko huku!" wenzake walipiga kelele.

"Nauona! Wenyewe ndio haunioni!"

Wenyeji waliongoza kwa magoli sita. Yosra alipoingia, miguu ilikuwa bado mizito, lakini macho yalikuwa yale yale ya uchochoroni. Alidaka wa kwanza. Akaupangua wa pili kwa goti. Wachezaji wa Tunisia wakapata pumzi, wakaanza kufunga, goli moja baada ya jingine, mpaka timu zikawa sawa. Sekunde za mwisho wenyeji wakapewa penalti. Msichana mrefu alirusha chini, kwa nguvu. Yosra alinyoosha mguu, mpira ukagonga muundi na kuruka nje, na filimbi ikalia.

Sare. Ukumbi mzima ulisimama, na Malak ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia.

"Sare si ushindi," alimwambia sikioni.

"Mlikuwa mbele kwa sita, dada. Tulieni."

Jioni hiyo walikwenda wote kwa Ami Bayumi. Yosra alitangulia. Alichungulia mafuta, akachungulia mikono ya mzee, akachungulia ndoo ya maharage yaliyosagwa kama imefunikwa.

"Binti," alisema Ami Bayumi, "unanunua bajia au unanioa?"

Watu wa foleni walicheka mpaka wengine wakashika matumbo.

"Nataka za motoni, Ami, zinazotoka sasa hivi. Na usiweke nyanya, tafadhali."

"Haya, bibi mkaguzi."

Yosra aliuma. Ilikuwa ya moto sana, ikamchoma ulimi, na ilikuwa tamu ajabu.

Kocha Salwa alimwekea mkono begani. "Bibi yako alikupa chakula kwa mapenzi, na mapenzi yake ni ya kweli," alisema. "Ila mapenzi hayazuii chakula kuoza. Safarini usiulize chakula kimetoka kwa nani tu, kwenu au barabarani. Uliza kimepikwa lini, kimekaa wapi, kimeguswa na mikono gani, kimeoshwa kwa maji gani. Cha ugenini kikitoka motoni mbele ya macho yako, kula ufurahi. Chako mwenyewe kikilala juani, kitupe bila huruma. Na ukikosea, sema upesi, kama ulivyosema jana, kabla mtu asiye na kosa hajabeba lawama."

Wasichana waliitikia kwa vichwa kwa heshima. Emna peke yake alinyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Ndiyo, Emna?"

"Somo limeisha, Kocha? Maana bajia zinapoa."