Machozi ya Mama Ernestine Ndani ya Filamu ya Gavana

"Adèle, kuya uone! Mama yako iko mu film!"

Mamie aliingia mbio kwenye chumba cha kushonea, simu mkononi. Adèle alikuwa anapinda mkono wa gauni la bluu, gauni la kuvaa Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, pembeni ya mchumba wake.

Kolwezi nzima ilikuwa inaingoja Jumamosi ile. Filamu ya maisha ya Gavana Kalenga! Sokoni, kwenye vituo vya pikipiki, mpaka mlangoni mwa kanisa, watu walibishana. Wengine walimwita marehemu Tata Goudron, kwa barabara za lami alizojenga. Wengine walitema mate wakisikia jina lake, maana ni yeye aliyetuma askari kuwafyatulia risasi wachimbaji karibu na Musonoi. Sadrack, mdogo wake Adèle, alikufa siku ile.

Na nani anacheza Gavana? Stany. Stany wake mwenyewe, ambaye wazee wake walishaleta mahari.

"Onyesha," Adèle alisema.

Kwenye kionjo cha filamu Stany alionekana ndani ya suti, anakata utepe. Watoto wanaimba. Halafu jeneza lenye bendera juu, umati, na ghafla uso wa Mama Ernestine umejaa kioo chote, mdomo wazi, machozi yanamwagika. Chini yake maandishi makubwa: MJI MZIMA ULIMLILIA.

"Mama amekuwa star!" Mamie alicheka. Alipomtazama rafiki yake, kicheko kikakatika. "Adèle, kuko nini?"

"Mama hakulia Kalenga, Mamie. Ile siku balimukamata mu camera, alikuwa anaeleza namna balimuletea maiti ya Sadrack juu ya pousse-pousse ya mizigo, miguu inaningʼinia."

Kwa miaka mingi Mama Ernestine hakutaka kuzungumza habari ile na mtu yeyote. Ni Stany aliyempigia magoti. "Mama, film haitaficha kitu. Barabara zitaonekana, na batu benye balikufa bataonekana." Mama akakubali kuongea mbele ya kamera, kwa sababu aliyeomba ni mkwe wake mtarajiwa.

Adèle alipiga simu.

"Chérie, nilitaka nikuite..."

"Stany, juu ya nini mama yangu analia mu matanga ya Kalenga?"

Alisikia Stany akifunga mlango kwanza.

"Ulijua?"

"Adèle, montage, kukata na kuunga picha, si mi njo ninafanyaka."

"Ninakuuliza: ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Mbele ya kuya kwenu na batata kuleta mahari."

"Kumbe! Ulikaa ku meza ya mama, ukakula bukari yake, ukamuita mama, na ulikuwa unajua!"

"Sikiliza basi. Familia ya Gavana njo ilisaidia film na feza. Balisema habari ya Musonoi ikatwe, ao film haitatoka. Réalisateur, mukubwa wa film, akaniambia: unakubali ao tunatafuta mwingine. Mi nimecheza théâtre tangu utoto, hakuna muntu alijua jina yangu. Lelo batoto banalijua. Ningefanya nini?"

"Ungekuya kuniambia."

"Niliogopa kukupoteza."

"Toa uso wa mama mule ndani."

"Nitasema nabo. Na kama banakataa, samedi mbele ya film mi mwenyewe nitakamata micro, nitasema kweli. Ninaapa."

Jioni ujumbe uliingia: *Bamekataa. Lakini nitasema. Uniamini.*

Adèle alimwamini. Alimpenda, angefanyaje?

Kesho yake Mama Ernestine alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu. Alikaa kwenye kiti bila kufungua kilemba.

"Banasema nilimulilia ule muntu. Mama mumoja alinishika mukono, eti asante, umesamehe. Mi, Adèle?"

"Stany atasema kweli mbele ya batu yote, mama. Aliapa."

"Ule mutoto alinishika mabega wakati nilikuwa ninalia," mama alisema polepole. "Nilizania anasikia uchungu pamoja na mi."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Adèle hakuvaa lile gauni. Alikaa katikati ya ukumbi na mama yake, ambaye alikataa kabisa kubaki nyumbani.

Stany alipanda jukwaani na suti ya Gavana. Vijana wakapiga mluzi: "Tata Goudron! Tata Goudron!" Alitabasamu. Akashika kipaza sauti. Macho yake yakakutana na ya Adèle, yakatua, yakahamia safu ya mbele, walipokaa watoto wa marehemu.

"Ninashukuru familia ya Gavana, yenye ilituaminia." Makofi. "Na..." Alivuta kipaza sauti karibu. Adèle alishika mkono wa mama. "Na ninashukuru mama-mukwe wangu, Mama Ernestine, mwenye alitupatia machozi yake."

Makofi yakalipuka.

Mama Ernestine akasimama.

"Sikubapatia!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini makofi yalipungua. "Mulikamata! Mi nililia Sadrack, mutoto wangu, mwenye basoda ba Kalenga baliua. Kalenga sikumulilia hata siku moja!"

"Kaa, mama, acha film ianze!" mtu alipiga kelele.

"Muache aseme! Na mi nilizika muntu!" mwingine akajibu kutoka mlangoni.

Ukumbi ukavurugika. Mtu akazima taa, muziki ukaanza kwa nguvu, na jina la Gavana likatokea ukutani. Mama Ernestine akatoka na Adèle, na wachimbaji kadhaa na akina mama wachache wakawafuata. Wengine wote walibaki kwenye viti. Filamu waliyoingoja ilikuwa imeanza.

Stany aliwakuta nje, anahema.

"Adèle! Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Balikuwa bananiangalia, nikaogopa."

"Mama alikuwa haogopi?"

"Nipatie nafasi moja. Ninakupenda."

"Na mi ninakupenda, Stany. Njo mbaya yenyewe."

"Basi tutatengeneza..."

"Ambia batata yako bakuye kukamata bitu yabo ya mahari. Mi sitalala na sura ya ule muntu mu nyumba yangu."

"Ile ni rôle tu!"

"Pale juu haukukuwa unacheza rôle. Ulikuwa weye."

Stany alimgeukia Mama Ernestine. "Mama, munisamehe."

Mama alinyoosha mkono kuelekea mlango wa ukumbi. "Rudia mule ndani, tata. Batu yako banakungoja."

Akarudi kweli. Hilo ndilo lililomuuma Adèle kuliko yote: alisimama kidogo, akarekebisha tai, akarudi ndani.

Wazee wa Stany walikuja juma lililofuata. Walipakia kwenye lori vitenge, masufuria na koti lililoletwa kwa jina la marehemu baba yake Adèle, ambalo halikuwahi kuvaliwa, wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Filamu ilikwenda Likasi, ikaenda Lubumbashi. Uso wa mama ulikwenda nayo.

Lori lilipopotea mwisho wa barabara, Adèle alianza kufagia ua kwa haraka, bila kuinua kichwa.

"Acha ule ufagio," mama alisema. "Ulimupenda."

"Ninamupenda mpaka sasa, mama."

Mama Ernestine alifunga mlango wa ua, akamvuta bintiye kifuani.

"Basi lia, mutoto wangu. Hapa hakuna camera."