Dari Iliyompima Mlingoti

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia ukae, na huyo anayetafuna atafune kimyakimya. Wamezoea kusema kuta zina masikio. Mimi sina shida na kuta.

Mdogo wangu, niliyemlea mgongoni mama yetu alipofariki, watu walimwita Mlingoti. Suruali zote zilimwishia juu ya vifundo. Kila mlango ulimgonga kipaji cha uso. Yeye na babu yenu walikuwa mafundi rangi, na kazi yao hasa ilikuwa dari: za maofisi, za maduka, popote palipochakaa. Babu yenu alipanda jukwaa. Mlingoti alisimama chini na rola ya mpini mrefu.

"Shemeji, wewe ngazi ulizaliwa nayo," babu yenu alimtania.

"Na wewe ulizaliwa umekaa. Utasimama lini?"

Siku moja ya mapumziko wakaitwa kwenye duka la vitambaa, mchana kweupe. Dari ilikuwa na madoa, rangi imevimba magamba. Mwenye duka akawaambia, "Msikwangue. Pakeni juu yake tu." Akafunga geti la chuma kwa nje wateja wasije wakaingia, akaahidi kurudi jioni.

Sasa, fundi anayejiheshimu hapaki juu ya magamba. Mlingoti akachukua skrepa.

"Shemeji, tumekatazwa."

"Ikibanduka kesho, atatukanwa nani? Yeye?"

Akakwangua kona moja. Likadondoka tabaka jeupe, likafuata la rangi ya maziwa, na chini kabisa la kijani. Chini ya kijani kulikuwa na viganja. Viganja vya watu, vingi, vidole vimetanuka kama vya mtu anayesukuma mzigo.

"Mafundi wa zamani nao walikuwa na utoto," Mlingoti akasema. Wakacheka. Cheko halikufika mbali.

Babu yenu aliniambia mpini ndio uliotangulia kusema. Mlingoti aliinua rola, ikagonga dari kabla hajanyoosha mikono. Akafungua kipande kimoja cha mpini, akaufupisha. Punde akafungua cha pili.

Kule juu ya jukwaa, babu yenu akanong'ona, "Shemeji, mbona nimeinama?"

Akashuka. Dari ikamfuata.

Hakuna kilicholia. Hata vumbi halikudondoka. Jukwaa la chuma likapiga magoti taratibu, kama mbuzi anayelala.

Wakakimbilia geti. Wakapiga kelele. Nje mtaa ulikuwa unapita. Walisikia kengele ya baiskeli, walisikia mama akimwita mwanawe. Hakuna aliyegeuka.

Mlingoti akaweka viganja juu. Akasukuma. Shingo ikakunjika. Kiuno. Magoti.

"Paka," akanong'ona. "Shemeji, funika nilipokwangua. Paka!"

Babu yenu akalala chali, akavuta ndoo, akapaka kwa mkono mtupu. Viganja vya zamani vikazama kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa na joto.

Dari ikatulia. Ikarudi ilikotoka.

Jioni mwenye duka alifungua geti. Hakutazama juu. Alimtazama Mlingoti, kichwani hadi miguuni. "Mlikwangua," akasema. Hakuwa anauliza.

Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Nikamwona babu yenu anakuja na mwanamume wa kimo chake. Nikampita kwa macho yule mgeni, namtafuta mdogo wangu.

"Dada," mgeni akaniita.

Ilikuwa suruali ileile ya asubuhi. Ilikuwa inaburuza chini.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakulala tena ndani. Kitanda chake kilikuwa uani, mvua ikinyesha anajifunika turubai. Alipofariki hakukuwa na mengi ya kugombania. Babu yenu alirithi rola. Mimi nilirithi suruali, na upindo wake sijaugusa. Lile duka lilibaki na viganja vyake viwili juu, vile virefu alivyokuwa navyo kabla ya siku ile. Wanapaka, rangi ikikauka vinaonekana.

Kimo alikirithi huyu wa mlangoni, na ufundi pia. Njoo karibu nami, mjukuu wangu. Asubuhi ulitoka hapa umenyooka. Sasa hivi umeingia umeinama, na kwenye kucha zako naona rangi ya kijani.