Kinywa cha Mwanamke wa Gulwe

Jumatatu asubuhi, Loisi alimwona mumewe akifunga mdomo kabla ya kumaliza kusema.

Walikuwa jikoni. Mzee Bartolomayo alikuwa ameshika kikombe cha uji, akieleza kwamba paa la kibanda chake cha video linahitaji bati jipya, na neno la mwisho lilimfikia Loisi wakati midomo ya mumewe imekwisha kutulia juu ya ukingo wa kikombe. Alimwomba arudie. Mzee alirudia kwa ukali, kwa kuwa hakupenda kurudishwa nyuma, na safari hii pengo lilikuwa refu zaidi: midomo kwanza, kisha kimya, kisha sauti, ikitoka katika kinywa kilichofungwa.

"Baba Luka," Loisi alinong'ona, "jana ulikwenda wapi?"

Alijibu kwamba alikwenda sinema kama kila Jumapili, na kwamba ana mafua. Lakini puani mwake kulikuwa na harufu ya siki iliyochanganyika na ngozi mbichi ya mbuzi, na pengo lile mzee alilijua kuliko mtu yeyote mjini Dodoma. Lilikuwa aibu ya kazi yake. Kwa miaka thelathini aliketi kando ya televisheni pale Chang'ombe, kipaza sauti mkononi, akiwatia Wahindi, Wachina na Wamarekani maneno ya Kiswahili vinywani, na mfasiri mbovu wa filamu hujulikana kwa jambo moja: sauti yake huchelewa.

Jana yake alikuwa amefanya kosa, naye alijua.

Kulikuwa na kijana aitwaye Denis, afisa mipango katika ofisi moja ya Mtumba, aliyewakusanya wapenzi wa sinema kila Jumapili alasiri katika ukumbi wa nyuma ya mgahawa mmoja huko Ilazo. Walikuwa watu kumi na wawili. Walifunga madirisha kwa vitambaa vyeusi, wakatazama filamu za zamani kutoka pande zote za dunia, kisha wakabishana mpaka chai ikapoa. Yotham, karani wa Bunge, alizitetea filamu za Kihindi za utoto wake, ambamo mama kipofu humtambua mwanawe kwa wimbo. Bupe, muuguzi, alipenda za Afrika Magharibi kwa sababu watu wa humo hutembea mwendo mrefu na hakuna anayewaharakisha. Denis alizitukuza za Kijapani zisizo na rangi, ambamo mvua hunyesha dakika nzima na hakuna anayefungua mdomo.

Bartolomayo aliyapenda mabishano hayo hadi siku moja, miezi mitatu nyuma, Denis aliposema kwamba kilichoiua sinema nchini si simu, bali wafasiri. Kuitafsiri kazi ya bingwa, alisema, ni sawa na kuchora sharubu kwenye picha ya marehemu. Mzee alihisi damu ikimpanda shingoni. Alikumbuka kibanda chake kikiwa kimejaa wapagazi na wauza karanga, na akajikumbuka yeye mwenyewe, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa gazeti lililofungiwa sukari.

"Na sisi tusiojua kusoma maandishi ya chini tungetazama nini, mwanangu?" aliuliza. "Ukuta?"

Watu walicheka. Denis alimwambia asikasirike, kwa upole ule ambao watu wa maofisini huwawekea wazee, na upole huo ulimkera Bartolomayo kuliko tusi.

Jumapili hiyo ya kosa, Denis alileta mkebe wa bati wenye mkanda wa sinema wa miaka zaidi ya sitini, unaonuka siki kwa uzee. Aliununua karibu na stesheni ya Gulwe, katika sanduku lililoachwa na Mzungu aliyewahi kufanya kazi relini. Mashine ya kuuonyesha aliipata, lakini mtu wa kuiendesha alikuwa mmoja tu, Bartolomayo, ambaye ujanani alikuwa msaidizi katika gari la sinema za vijijini. Denis alimwomba aiendeshe. Kisha, mbele ya watu wote, akaongeza:

"Ila leo, mzee wangu, usitie maneno."

Taa zilizimwa. Ukutani ukatokea uwanja wa nyumba ya tembe, watu wamezunguka, mwanamke mmoja akitikisa kibuyu chenye punje, na mwanamke mwingine ameketi juu ya ngozi ya mbuzi, kichwa kimefunikwa kaniki. Mkanda haukuwa na sauti. Yule aliyeketi akafunuliwa, akainua uso, akaanza kusema akiwatazama watazamaji moja kwa moja, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama. Hakuwa akiigiza. Bartolomayo aliliona hilo upesi, na aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja tu: mwigizaji mtie maneno utakavyo, lakini asiyeigiza mwachie kinywa chake.

Lakini Denis alikuwa akieleza habari za mwanga na kivuli, Yotham akipiga miayo, na hasira ya mzee ilikuwa bado ina moto. Akafungua mdomo. Akamsemesha yule mwanamke. Alimfanya alalamike kwamba hana pepo, ana njaa tu; kwamba mume wake amekunywa mtama wote wa ghala na sasa anamtazama mbuzi kwa macho ya mapenzi; kisha akamtia maneno machafu zaidi, ambayo hayafai kuandikwa, yakiangukia midomoni mwake sawasawa, silabi kwa silabi. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Denis mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Ukutani, mwanamke alinyamaza ghafla, akatazama kando, upande ule mashine iliposimama, na mkanda ukakatika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, pengo likawa la kuhesabu hadi tatu. Jumatano, maneno yenyewe yakabadilika. Mchungaji alipita kuwajulia hali, naye Bartolomayo, aliyekusudia kumkaribisha ndani, alisikia sauti yake mwenyewe, sauti nzuri nzito iliyowachekesha watu miaka thelathini, ikimwuliza mchungaji sadaka ya mavuno ameificha wapi. Mchungaji aligeuka akaenda zake bila kuaga. Jirani alipoitwa ampelekee mchungaji radhi, naye alitukanwa mpaka akaokota jiwe. Na kila mara, kabla ya sauti kutoka, mzee alisikia nyuma ya sikio lake mtikisiko mdogo wa punje ndani ya kibuyu.

Alhamisi jioni alimshika mkewe mkono. Alitaka kumwambia neno moja tu, nisamehe. Ulimi ulilitamka, meno yalilihisi. Na katika kimya kile kilichofuata, ambacho sasa kilitosha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, harufu ya siki iliyaziba mapafu yake, akajaribu kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini sauti haikuhitaji mdomo, ilipita katikati ya vidole kama maji, ikasema polepole, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiri jambo kwa miaka mingi:

"Luka alikufa kwa sababu ulilala."

Mtoto wao alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, usiku ambao Loisi, baada ya kukesha siku tatu, alipitiwa na usingizi. Neno hilo halikuwahi kutajwa katika nyumba ile. Bartolomayo aliapa moyoni kwamba hakuwahi hata kulifikiri; kisha akaogopa kuapa.

Loisi hakulia. Aliutoa mkono wake. Mzee alichukua daftari, akaandika kwa herufi zake kubwa zilizopinda, SI MIMI, kisha akaandika habari yote ya Jumapili, kurasa tatu. Mkono ulikuwa bado wake.

Loisi alisoma mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulimtukana mama wa watu ili kijana mmoja akuone wa maana," alisema. "Nitakutafutia mtu. Ila usinishike."

Mtu huyo alikuwa Emilia, mzaliwa wa Gulwe, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipogoa mizabibu kwa kibarua huko Makutupora, na ambaye wafanyakazi wenzake walimwita pembeni pale mtu alipoanza kuongea na asiyeonekana. Alifika Jumapili akiwa na viatu vya mpira na mkasi wa kupogolea bado kiunoni. Hakutaka chai. Alitaka kuuona mkanda, palepale ukumbini, na wote waliocheka wawepo.

Denis alikataa mwanzoni. Mkanda ni dhaifu, alisema, ni urithi, hauwezi kuchezewa kwa mambo ya imani. Loisi akamsogelea mpaka viatu vyao vikagusana.

"Urithi wa nani?" alimwuliza.

Mkanda ukaungwa, ukawekwa. Mzee aliwasha mashine. Yule mwanamke mwenye kibuyu alipotokea ukutani, Emilia alitoa mguno kama mtu aliyepigwa.

"Huyo ni bibi yangu," alisema.

Kisha akawaeleza, kwa sauti ya chini iliyojaa ghadhabu, yale aliyoyasikia utotoni. Pepo akipandishwa, hutaja jina lake na haja yake kwa kinywa cha mgonjwa: kitambaa cheusi, maji, au kupelekwa mahali fulani. Mganga husikia, hutoa, naye pepo huenda zake. Siku hiyo Mzungu aliingia uani na mashine yake, akawapa wazee tumbaku wamwache. Mgonjwa alifunua mdomo aseme haja, na hakuna aliyesikia kitu. Midomo ilicheza tu. Bibi yake, ndiye aliyekuwa mganga, alitega sikio mpaka jua likazama. Mgonjwa alikufa wiki ile bila sauti, na haja yake ikaondoka na kile kimashine.

"Miaka yote hii pepo huyo analia humo ndani," Emilia alisema. "Halafu nyinyi mmempa matusi aseme. Mzee, ulimfungulia kinywa. Kinywa chako. Sasa umwachie amalize, na asiwepo mtu wa kumjibu isipokuwa mimi."

Bartolomayo alisimama kando ya ukuta, nusu ya uso wake katika mwanga. Mwanamke wa ukutani aliinua uso. Midomo yake ikaanza kucheza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sauti iliyotoka kwa mzee haikuchelewa hata kidogo. Ililingana na midomo ile kama ngozi na mwili. Ilitaja jina, ambalo Emilia alikataza lisirudiwe, na halitarudiwa hapa. Emilia akauliza haja yake.

"Nilitaka maji," sauti ilisema. "Nilitaka maji tu, na kurudishwa mtoni."

Emilia akaahidi maji, na mbuzi mweusi, na kaniki mpya.

"Hiyo ilikuwa haja ya siku ile. Mmecheka. Sasa nataka sauti ya mtu. Huyu mwenye maneno mengi anitajie jina moja, nichukue, niende."

Mkanda ulikwisha, mkia wake ukachapa mashine kwa mapigo ya haraka, lakini ukutani picha haikuondoka: mwanamke alikuwa ameketi vilevile juu ya ngozi yake, mdomo umefungwa, akisubiri, na harufu ya siki ilijaa ukumbini kiasi kwamba Bupe alianza kukohoa, na vitambaa vyeusi vya madirishani vilivutwa ndani kana kwamba chumba kizima kilikuwa kimevuta pumzi na hakitaitoa mpaka apewe alichotaka. Emilia alimfanyia mzee ishara anyamaze. Alikuwa na njia nyingine, alihitaji muda.

Na Bartolomayo angenyamaza. Alikuwa hata amekwisha kuwaza kujitaja mwenyewe. Lakini akageuza macho, akamwona Denis amesimama nyuma ya viti, simu imeinuliwa usawa wa uso, anarekodi. Na usoni pake palikuwa na ile furaha ya mtu aliyepata picha ambayo hakuna mwingine duniani anayo. Hasira ya miezi mitatu ikampanda mzee. Usitie maneno. Mzee wangu, usikasirike. Akafungua mdomo, akalitaja jina. Aliuhisi ulimi wake ukigonga nyuma ya meno kwa herufi ya kwanza, D, waziwazi, bila shaka yoyote.

Pengo likarudi, kimya kikapita.

"Loisi," sauti ilisema.

Picha ikazimika. Vitambaa vikaanguka mahali pake. Harufu ikaisha mara moja, kama iliyokatwa kwa kisu.

"Sikumtaja yeye," Bartolomayo alisema, na sauti ilikuwa yake, nzito, safi, pamoja na midomo yake. "Nilimtaja Denis. Mungu ni shahidi, nilimtaja Denis."

Wote walikuwa wamesikia. Emilia aliketi chini, akauweka mkasi wake sakafuni, akafunika uso.

Loisi alikuwa amesimama. Hakuwapo siku ile walipocheka. Alikuja leo kwa ajili ya mumewe. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Macho yalimtoka, mishipa ya shingo ilisimama, alikuwa akisema kwa nguvu zake zote, akimtazama mzee usoni, maneno mengi, marefu, yenye mpangilio, na ukumbini hapakusikika kitu ila mkia wa mkanda ukichapa. Alisema kwa muda mrefu. Aliponyoosha kidole na kuanza upya, Denis alishusha simu.

"Mzee," aliuliza kwa sauti ndogo, "mama anasema nini?"

Bartolomayo alikuwa ameishi na kinywa kile miaka arobaini na mmoja. Alilisoma kila neno. Akaegemea ukuta, sauti yake nzuri ikiwa imemjaa kifuani, na hakusema kitu.