Kikundi cha Chanja na Duka la Usagara

Kila siku tukitoka shule, mimi na wenzangu tunavua sare, tunavaa nguo za kazi na kukutana uani kwa shangazi Rebeka, hapa Igogo. Asubuhi shangazi anakuwa ameshaosha na kuanika dagaa waliotoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Sisi tunawageuza, tunachambua takataka na kupakia. Dagaa wetu hawalali mchangani. Tunawaanika juu ya chanja, meza ndefu ya miti iliyotandazwa wavu, upepo wa ziwa ukipita juu na chini. Kila pakiti ina maandishi tuliyobuni wenyewe: Dagaa wa Chanja, Hawana Mchanga.

Tulipoanza tulichekwa. Leo hata watu wa Buhongwa wanatuulizia. Mwenyekiti ni mimi, Odeta, wa darasa la saba, na nasema hivyo kifua mbele. Kuongoza watoto wenzako si mchezo. Obedi huchelewa, Precious hununa ukimwambia achambue upya, nami hasira zangu ziko karibu. Hata hivyo kazi inakwenda.

Kutangaza ni kazi ya Luhaga. Huyo mdomo wake haulali. Husimama mbele ya mteja, anafungua pakiti na kumpa dagaa mmoja. "Mama, tafuna. Ukisikia mchanga kwenye meno, nakupa pakiti bure." Hatujawahi kutoa pakiti ya bure.

Jumatatu moja Luhaga alikuja mbio, meno yote nje.

"Mwenyekiti, tumetoka. Mama Adventina anafungua duka kubwa Usagara, pale njia panda. Anataka rafu nzima ijae pakiti zetu Jumamosi hii."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asiwe na shaka. Hata akitaka rafu mbili, zitajaa."

Wenzangu walishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi. Sisi tuliokulia ziwani tunajua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwaka hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwao Luhaga ni wafugaji wa Misungwi, na hapa Igogo ni wageni bado. Kwake yeye mbalamwezi ni ya kuchezea nje.

"Hao dagaa utawavua wewe?" nilimwuliza. "Wavuvi wamepumzika, na tulizobaki nazo ni pakiti chache tu."

Uso ulimshuka. Obedi akadakia, "Si tununue wale walioanikwa mchangani? Tunawapepeta vizuri, tunawatia kwenye pakiti zetu. Nani atajua?"

"Atajua atakayetafuna," nilisema.

"Odeta, acha ubishi," alisema Precious. "Tukiikosa rafu hii, tutabaki kuuza mlango kwa mlango mpaka tumalize shule."

Na mimi niliitaka rafu ile, pengine kuliko wao wote. Usagara wanapita watu wa Shinyanga na wa Sengerema. Nilikuwa nimeshaanza kuota pakiti zetu zikisafiri kwenye mabegi yao. Lakini nilipoyasoma maandishi ya pakiti iliyokuwa mkononi mwangu, hasira zilinipanda.

"Hapa tumeandika hawana mchanga. Kama tunataka kuuza uongo, tafuteni mwenyekiti mwingine."

Shangazi Rebeka, aliyekuwa akikunja nyavu, alisema taratibu, "Basi kesho mkitoka shule nitawasindikiza wewe na Luhaga. Mkamwambie wenyewe."

Tulimkuta Mama Adventina akisimamia mafundi wa rangi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakitafuta mzigo. Luhaga, siku ile, maneno yalimkauka. Nikaeleza mimi: kwamba ni mbalamwezi, kwamba tuliahidi bila kuulizana, na kwamba Jumamosi hatutaweza kuijaza rafu.

"Nimeshawaambia watu wangu," alisema kwa ukali. "Rafu tupu siku ya ufunguzi ni aibu yangu, siyo yenu. Kwa nini hamkuokoteza dagaa popote mkaniletea? Mimi si mtu wa dagaa, nisingejua."

"Sisi tungejua, mama," nilijibu. "Tuna ombi. Turuhusu tuje Jumamosi na hizo chache. Tukaange hapa mlangoni, watu waonje. Atakayependa aandikishe kwako, giza likirudi tunaleta."

Alinitazama, kisha akamtazama shangazi. "Njooni," alisema. "Mkinitia aibu, msirudi."

Jumamosi harufu ya dagaa wa kukaanga ilishika njia panda nzima. Precious alikaanga, Obedi akagawa, na ajabu ni kwamba aliwahi kuliko sote. Luhaga mdomo ulimrudia, ila safari hii kila mteja alimwambia wazi, "Pakiti za leo zimekwisha, mama. Mwezi ukipungua tunaleta." Nilidhani watu watakasirika. Walicheka na kujiandikisha.

Giza liliporudi, tulifanya kazi kama tuliokuwa tukikimbizwa. Tuliijaza rafu mpaka juu, na waliojiandikisha wakachukua. Nilisimama mbele ya rafu ile nikaona fahari ambayo siwezi kuificha. Ilikuwa yetu, na kila dagaa aliyekuwamo alikuwa wa chanja kweli.

Mama Adventina alituita sote karibu na kaunta.

"Wanangu, nimefanya biashara miaka mingi," alisema. "Wanaonijazia rafu ni wengi. Anayekuja kuniambia ukweli kabla sijaaibika ni mmoja mmoja. Biashara ikikua, ahadi nazo zinaongezeka, na kila ahadi inataka mtu wa kuitimiza. Kabla ya kusema ndiyo, ulizaneni. Mkikosea, semeni mapema. Hivyo ndivyo mtu anavyoaminiwa."

Hakuwa amemaliza vizuri mama mmoja wa Buhongwa alipoingia na kuuliza kama tungeweza kumpelekea mzigo mkubwa Ijumaa, kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Wote tulimgeukia Luhaga. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akanisogelea.

"Mwenyekiti," aliuliza, "tunaweza?"