Chini ya Hezi Arobaini

Jioni ile ya Ijumaa, katika gereji ya redio za magari iliyo kando ya mto Chi, mwendo mfupi kutoka mjini Kosum Phisai, walikuwapo hawa.

Wa kwanza ni Bunchu Saengthian, fundi mwenyewe, umri miaka arobaini na mitatu, ambaye watu wote humwita Chu.

Wa pili ni Sanguan Phimphot, mchomeleaji, mwenye pikapu ya bluu iliyoegeshwa katikati ya gereji. Yeye na Chu walikaa dawati moja shuleni, wakaingia jeshini mwaka mmoja, na siku Chu alipokwenda kuoa, Sanguan ndiye aliyemshikia mwavuli wa bwana harusi.

Wa tatu ni Bi Khamla Butdi, mama mkwe wa Chu, umri miaka sabini na mmoja, kiziwi tangu alipougua homa miaka tisa nyuma. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akikunja majani ya mgomba kwa ajili ya sadaka ya kesho.

Wa nne ni Amphai, binti wa Bi Khamla na mke wa Chu. Alikuwa juu ya rafu, ndani ya chombo cha shaba chenye kifuniko, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alifariki akiwa na mimba ya miezi saba. Anatajwa hapa kwa sababu nyumba ile ilimhesabu. Kila alfajiri Chu alimwekea donge la wali wa kunata na kikombe cha maji, akamweleza kazi za siku, nani kaleta gari gani na lina ugonjwa gani.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mia tangu afariki. Watawa wa Kibudha wangesoma sala, kisha mifupa ingepelekwa mtoni na kuachiwa maji. Mifupa ikipokelewa na maji, marehemu huenda zake. Isipopokelewa, hubaki. Chu hakuwa na haja nyingine duniani ila Amphai aende salama.

Kwa hiyo siku ile hakutaka kazi. Lakini Sanguan alikuja saa kumi na moja na nusu, akasema kwamba kesho alasiri anakwenda Khon Kaen kwenye mashindano ya sauti, na sabufa zake, zile spika za mlio mzito, hazijawekwa sawa. Chu angemkataliaje? Sanguan ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Sanguan ndiye aliyeingia kwenye majivu asubuhi ya pili baada ya maiti kuchomwa na kuokota mifupa, kwa sababu siku ile Chu hakuweza kusimama. Ndiye aliyemletea chombo kile mikononi.

"Fanya kama unamnyoa mtawa, kaka," Sanguan alisema akicheka. "Usiache hata unywele mmoja wa sauti ya juu."

Chu akamwambia kichwa chenyewe cha mteja hakina nywele, kazi itakuwa nyepesi. Wakacheka wote wawili, lakini Sanguan aliacha kucheka mapema mno.

Chu aliingia ndani ya pikapu na kufunga mlango. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba kioo cha kati hakikuwa na shada la maua. Alishangaa. Dereva wa pande zile huona afadhali kuendesha bila breki kuliko kuendesha bila maua ya Mama wa Gari, yule bibi asiyeonekana anayelinda kila chombo chenye magurudumu. Akateremsha kioo cha dirisha na kuuliza. Sanguan akajibu kwamba yalikauka, ameyatoa.

Nyuma ya viti lilikuwa sanduku la sabufa, limevikwa zulia jeusi. Sanguan alilitengeneza peke yake, mbao nene, skrubu kumi na mbili, na hakutaka Chu alisogelee. Jambo hilo lilikuwa limemuuma Chu kidogo. Masanduku yote ya Kosum alikuwa ameyatengeneza yeye.

Alichomoa spika za milangoni ili zisikike sabufa peke yake. Akaweka wimbo wa mwanamke, na ala za kienyeji nyuma yake. Akashika kitufe cha kichujio kwenye amplifaya, mashine ya kukuza sauti.

Kazi ya kichujio hicho ni moja: kuzuia sauti za juu na kuachia za chini zipite. Kinapimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukikizungusha kushuka, kwanza hupotea matoazi, halafu waimbaji wa kike, halafu wa kiume. Mwishoni hubaki ule mngurumo ambao mtu huusikia kifuani kuliko masikioni. Sabufa ikiendelea kuimba maneno, fundi hajamaliza.

Hezi mia na ishirini. Mwimbaji alisikika kama yuko chumba cha pili.

Hezi themanini. Mwimbaji akatoweka. Ilibaki besi, safi, nzito, kama moyo wa nyati.

Chu angeweza kuishia hapo. Lakini mashindano yana ukali wake, akashusha kidogo. Sabini. Sitini…

Mtu akavuta pumzi.

Chu aligeuka. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Akazichunguza waya za milango. Zilikuwa zimechomolewa vilevile. Akauzima wimbo na kuweka mlio mtupu wa kupimia, ule usio na ala wala mtu. Akashusha tena.

Hamsini. Harufu ikaingia garini. Maziwa. Maziwa yaliyochacha kwenye kitambaa.

Arobaini na tano. Ndani ya mngurumo mlikuwa na sauti ya mwanamke. Nyembamba. Sauti ya namna ile haiwezi kupita pale. Chu alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Na kila alipozidi kushusha, ndipo ilipozidi kusikika, kana kwamba kichujio kilikuwa kikiondoa kelele zote za walio hai na kumwacha yeye.

Alikuwa Amphai.

Machozi yalimtoka Chu kabla ya hofu kumfikia. Alitaka kumwitikia. Alifungua kinywa.

Chini ya hezi arobaini, mkewe akasema, taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayeongea na mwenzake wamelalia mto mmoja:

"Nguan… mtoto wako ana njaa."

Nguan. Hilo ndilo jina la nyumbani la Sanguan. Amphai alikuwa akimwita Bwana Sanguan mbele za watu, miaka kumi na moja tangu aolewe.

Chu alikaa. Akasikia maneno yale mara ya pili, na ya tatu. Mtoto wako. Yeye, Chu, alikuwa amekwisha kumchagulia mtoto yule jina.

Bi Khamla hakusikia kitu. Masikio yake yalikuwa yamekufa. Lakini alikuwa amevua kandambili, na sakafu ya saruji ilikuwa ikitetemeka. Aliyaacha majani ya mgomba. Akaja pole pole, miguu mitupu, akaweka kiganja ubavuni mwa pikapu, akakiacha hapo kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Amphai yumo humu," alisema, kwa sauti ya juu ya viziwi. "Chu, mwanangu, mtoe binti yangu."

Chu alizima amplifaya. Taa yake nyekundu ilizimika.

Sauti iliendelea kwa pumzi mbili zaidi. Ndipo ikanyamaza.

Alitoka garini. Sanguan alikuwa amesimama karibu na rafu, jasho likimtiririka shingoni. Hakuuliza kilichotokea, na hapo Chu akajua kwamba anakijua.

"Kwenye chombo kile kuna nini?" Chu alinong'ona.

Sanguan alikitupia jicho chombo. "Mkaa. Wa tanuri la matofali."

"Siku mia, Nguan. Siku mia nimeupa chakula mkaa."

Sanguan akaanza kusema upesi upesi, macho chini. Mganga mmoja wa upande wa Surin alikuwa amemwambia kwamba mifupa ya mwanamke aliyekufa na mimba, ikifungiwa kwenye sanduku, hulipatia sanduku sauti isiyoshindika. Maua ilibidi yatoke, kwa kuwa gari moja halikai wanawake wawili. Mama wa Gari angegombana naye. Wiki ya kwanza sabufa zilipiga kama radi. Wiki ya pili akaanza kusikia jina lake.

"Nilidhani atanguruma tu," alisema. "Sikujua ataongea."

Ndiyo maana alikuja kwa Chu. Sauti ya mwanamke ni ya juu. Alidhani fundi akishusha kichujio vizuri, itakatika, na yeye atapata usingizi.

Chu alimtazama. Alikuwa ameitwa kuja kumziba mdomo mke wake mwenyewe.

"Na mtoto?"

Nje, pikipiki ilipita na kwenda zake. Sanguan aliitazama mikono yake.

"Alitaka kukwambia. Mimi ndiye niliyemwomba angoje ajifungue kwanza."

Chu alichukua bisibisi. Aliingia nyuma ya viti, akaitia kwenye skrubu ya kwanza. Skrubu kumi na mbili si kazi. Angemtoa, angemweka kwenye chombo chake, kesho angempeleka mtoni na mambo yote yangekwisha. Mkono wake ulikuwa tayari.

Akakumbuka jinsi ilivyosemwa. Nguan. Kwa upole ule ambao yeye hakuwahi kupewa.

Aliichomoa bisibisi. Akashika kitufe cha kichujio na kukishusha mpaka mwisho kabisa, chini ya thelathini. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, cha Amphai. Mafundi huweka tone moja juu ya kitufe ili kisiweze kusogea tena. Akaweka tone. Akalipuliza mpaka likakauka.

"Tayari," alisema. "Chukua gari lako."

"Chu, kaka… mtoe. Mimi siwezi kuligusa sanduku. Nikiligusa ananiita."

"Basi muitikie."

Bi Khamla alikuwa bado amesimama pale, kiganja ubavuni mwa gari, akitazama midomo yao bila kupata neno. Chu alimgeukia ili amwone vizuri.

"Ni wimbo tu, mama," alisema, akitamka polepole. "Wimbo."

Bibi akauondoa mkono wake. Alirudi kwenye benchi. Majani yaliyobaki hakuyakunja.

Sanguan aliondoka saa moja kasoro robo. Hakuwa amewasha redio, lakini vioo vya dirisha la gereji vilitetemeka mpaka pikapu ilipopita daraja.

Asubuhi watawa tisa walisoma. Watu wakala wali wa kunata na kuku, wakasema kwamba Chu amekonda. Saa nne Chu na Bi Khamla waliingia katika mtumbwi wa jirani, wakafika katikati ya mto Chi. Bibi ndiye aliyeshika chombo. Alikifunua, akakiinamisha, akatia maua juu ya maji.

Mifupa ya mtu huzama, na majivu yake hutawanyika kama maziwa kwenye chai. Vipande vile havikuzama. Vilielea. Vyeusi, vikavu, vikazunguka vikijigonga kwenye mtumbwi, vikakataa kwenda.

Jirani aliacha kupiga kasia.

Bi Khamla aliokota kipande kimoja. Akakisugua kati ya vidole, akatazama weusi ulioshika kwenye ngozi yake. Hakulia.

"Jana nilikuomba," alimwambia Chu. "Nilikuomba kwa kinywa changu, nawe ukaniambia wimbo."

Chu alisema kwamba atakwenda kumchukua, sasa hivi, mama, sasa hivi. Bibi hakumtazama midomo. Alikuwa amelaza kiganja kwenye maji, kama anayengoja kitu kipite chini yake.

Mtumbwi ulipogusa ukingo Chu aliruka na viatu vyake. Alichukua bisibisi na kitambaa cheupe, akapanda pikipiki, akavuka daraja. Njia nzima alihesabu skrubu. Alijisemea kwamba hatamuuliza Amphai kitu. Atamfunga tu kitambaani na kumpeleka kwa mama yake.

Pikapu ya bluu ilikuwa uani kwa Sanguan, vioo vimefungwa, na kwa ndani vilikuwa na ukungu. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilifika hadi langoni. Dada yake Sanguan, Orawan Phimphot, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba na funguo za gari mapajani. Alimweleza Chu kwamba amezichomoa yeye mwenyewe, na amekata na waya za betri.

Chu aliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa likitetemeka.

Akauliza Sanguan yuko wapi.

Orawan alijibu kwamba Sanguan amefariki saa nne, humo garini.