Namba Kumi na Saba

Kila siku baada ya masomo, Kobe alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mama yake. Jina la Kobe alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote, hata kula. Mama yake alikuwa mhasibu wa ofisi ya elimu: chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la bati lisilofungika mpaka lipigwe teke, na mafaili saba yaliyofungwa kwa uzi, moja kwa kila shule. Kobe alikalia boksi la chaki na kusoma namba kwa sauti, mama akizibonyeza kwenye kikokotoo.

Mwaka huo namba zilikuwa kali. Fungu la fedha kutoka juu lilikuwa limepunguzwa, tena halijafika, na hakuna aliyejua lingefika lini.

"Ni kama kumshonea nguo mtoto anayekua," mama alisema, "na kila ukienda kwa fundi anakuambia kitambaa kimepungua."

Barua nayo ilikuwa imekuja. Shule yenye watoto chini ya tisini ingefungwa, na watoto wake wangehamia shule ya jirani. Kwa shule ya kina Kobe, jirani maana yake ni ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hesabu zilitakiwa kuondoka Ijumaa.

"Haya, soma shule yenu."

"Tisini."

"Tisini kamili?" Mama akashusha pumzi. "Mmeponea chupuchupu. Angepungua mmoja tu, ningekuwa naandika barua nyingine hapa."

Kobe aliinamia faili. Huyo mmoja alimjua. Alikuwa kaburini tangu mvua za kwanza.

Msichana huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Alikaa dawati moja na Kobe tangu darasa la kwanza. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Wiki ileile mwalimu wao wa darasa alihamishwa kabla hajalifuta jina, akaja mwalimu wa kujitolea, kijana mgeni aliyefundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, mlango wa katikati ukiwa wazi. Hakuwa na muda wa majina. Aliita namba, macho yake yakiwa kwenye daftari la mahudhurio.

Darasa lile lilikuwa na mazoea ya siku nyingi: mwenzako wa dawati akichelewa, unamwitikia, asije akafagishwa uwanja. Chiriku alikuwa bingwa wa kuchelewa, na Kobe alikuwa amemwitikia mara nyingi akiiga ile sauti ya Chiriku ya kuvuta. Basi asubuhi ya kwanza, mwalimu mgeni alipoita "Kumi na saba," darasa lilitulia kama kisima. Kobe hakupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nipooo."

Hakuna aliyecheka. Kesho yake namba iliitwa tena, na sauti ikaitika tena. Ikawa hivyo wiki ya pili, ya tatu, hadi ya saba. Kikombe cha Chiriku, chenye 17 iliyoandikwa kwa rangi ya kucha, kilibaki kwenye msumari wake. Upepo ukiingia ulikigonga ukutani, ti, ti, na watoto wa mbele waligeuka kulitazama dawati la nyuma.

"Usikae hapo," mvulana mmoja alimwambia mwenzake aliyetaka kuhamia. "Mwenyewe yupo."

Kuna siku Kobe mwenyewe alijikuta amesogea ukingoni mwa benchi, amemwachia mtu nafasi.

Siku iliyofuata baada ya hesabu zile ilikuwa Jumanne. Mwalimu aliita kumi na saba, Kobe akaitika kama kawaida, na papo hapo nje kukasikika kishindo. Mama yake Chiriku alikuwa amesimama kwenye ua wa shule, mzigo wake wa kuni umetawanyika miguuni. Alikuwa akilitazama dirisha kama mtu anayetafuta uso. Kisha aligeuka akaondoka mbio, bila kuokota hata kijiti kimoja.

Mchana ule Kobe hakukalia boksi la chaki. Alisimama mbele ya meza ya mama yake akasema yote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Nani mwingine anajua?"

"Darasa zima."

"Na mwalimu mkuu?"

"Yeye hujumlisha tu, mama."

Mama alilivuta faili la shule yao. "Unajua ilivyo rahisi kulifunga hili? Lina saini, lina muhuri."

"Basi lifunge."

"Na sehemu ya huyo mmoja itoke wapi? Chungu ni kimoja, mwanangu. Shule ya mlimani wanasoma chini ya paa linalovuja. Nikimpakulia asiyekuwepo, nampokonya aliyepo. Tena wakaguzi wakimkuta mtoto mmoja wa uongo, wanazuia fungu la shule zote saba." Alichukua kalamu nyekundu, akakata tisini, akaandika themanini na tisa.

Kobe aliangua kilio. "Umeifunga shule yetu."

"Huenda. Lakini kabla ya shule kuna mtu tumemtisha. Futa machozi twende."

Walimpitia mwalimu mkuu. Mzee yule alipoiona namba iliyokatwa kwa kalamu nyekundu na kuambiwa sababu, aliketi. "Mtoto yule nilimzika kwa mikono yangu," alisema taratibu, "kisha nikamhesabu."

Nyumba ya kina Chiriku ilikuwa imefungwa mchana kweupe. Walipiga hodi mara tatu. Mama yake Chiriku aliwafungulia nusu mlango, na nyuma ya kanga yake alichungulia mtoto wa kike wa miaka saba, mwenye macho yaleyale ya dada yake.

Kobe alipiga magoti. "Mama, ile sauti ni yangu. Nilikuwa namwitikia. Nisamehe."

Yule mama alimwinamia. "Si yeye?"

"Si yeye. Ni mimi."

"Hebu itika nisikie."

Kobe akaitika, "Nipooo." Mama yake Chiriku alijishika mlangoni, akakaa kizingitini. "Wiki saba watoto wananiambia bado anaitika, na leo nimemsikia mwenyewe," alisema. "Nilidhani mwanangu kagoma kutoka mle darasani. Huyu mdogo wenzake wote wameanza shule, mimi nimemfungia ndani. Niliogopa dada yake atamwita naye."

Mwalimu mkuu alivua kofia yake. Hakuna aliyesema neno la tisini wala la barua. Waliomba radhi tu, wakaondoka.

Alhamisi asubuhi mwalimu mgeni aliweka rula kwenye daftari, akalikata jina la Chiriku kwa mstari. Alipoita majina siku ile, kwa kuwa sasa aliita majina, alipofika pale alisimama kidogo kabla ya kuendelea. Kobe aliinamisha kichwa akalia, kilio ambacho hakuwa amelia msibani.

Wakati wa mapumziko mama yake Chiriku alipita getini, amemshika mkono yule mdogo mwenye sare ya dada yake iliyofupishwa kwa pindo. Akaandikishwa darasa la kwanza, mstari wa mwisho.

Ijumaa Kobe alisoma tena. "Tisini." Kisha akauliza, "Mama, si ni ileile?"

"Hapana." Mama alilipiga kabati teke likafungika. "Ile ya kwanza ilikuwa imemfungia mtoto nje ya shule. Uongo huo ulijifanya nguzo, kumbe umeegemea mlango. Mwaka kesho sijui watatupunguzia nini, lakini tutawahesabu walio hai, na waliokufa tutawaacha walale."

Jumatatu Kobe alikikuta kikombe hakipo msumarini. Kilikuwa bombani, mikononi mwa yule mdogo wa darasa la kwanza, naye alikuwa anakunywa maji.