Sailensa ya Kuazima

Kila asubuhi, Kitinda akiwa bado anafunga kamba za viatu vya shule, vikombe vya kabatini vilianza kugongana. Hakuhitaji kuchungulia dirishani. Kaka yake alikuwa amewasha gari.

Kitinda halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Alikuwa darasa la sita, na kaka yake alikuwa kila kitu kwake. Kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Mama alipolazwa, kaka ndiye aliyemsuka nywele, akamtoa na mafundo matupu hata darasa zima likacheka.

Gari lile waliachiwa na baba. Enzi za baba lilipita mtaani kimya, kama limevaa soksi. Kaka, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alilibadilisha. Alikata springi ili lilale chini, akafunga rimu pana zilizotokeza nje, kisha akang'oa sailensa, lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi linalomeza kelele za injini. Vifaa vya zamani aliviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Siku moja jirani yao, nesi aliyefanya kazi zamu za usiku, alitoka nje na kanga mabegani, macho mekundu.

"Mdogo wangu, nakuomba. Ndiyo kwanza nimejilaza. Hilo gari linanipasua kichwa."

"Dada, gari likinyamaza si gari, ni kabati," kaka alimjibu akicheka.

Kitinda naye alicheka. Nesi hakucheka. Alirudi ndani akafunga mlango.

Mama yao alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki kaka alimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Madaktari walikuwa wameunganisha mishipa kwenye mkono wake wa kushoto, ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Ukiweka kidole pale, ulihisi damu ikitetemeka chini ya ngozi. Nyumba nzima iliulinda mkono ule. Mama hakubebeshwa ndoo, hakuvaa bangili, na hakuulalia.

Kisha likatoka tangazo kwamba magari yote yakaguliwe upya. Gari lenye kelele kupita kiasi, au lililobadilishwa likawa hatari, lisingeruhusiwa barabarani. Jumamosi iliyofuata, Kitinda alirudi kutoka dukani akamkuta kaka amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kaka, umenunua sailensa?"

"Nimeazima. Na springi na rimu pia. Kuna rafiki yangu ana gari la aina hii hii."

"Na likishakaguliwa?"

"Namrudishia mwenyewe." Kaka alijivuta nje, uso umejaa masizi. "Wewe hukuona kitu, sawa? Mama akijua atapandisha presha bure."

"Sawa," alisema Kitinda. Alijisikia mkubwa kwa kushirikishwa siri.

Walikwenda pamoja kwenye ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa ovaroli safi. Alipima kelele kwa kifaa, akajaribu breki, akalala chini ya gari na tochi yake na kukaa huko muda mrefu. Alipoinuka, alimwuliza Kitinda kama anapenda hesabu. Kisha akabandika stika kwenye kioo cha mbele.

"Liko vizuri. Litunzeni hivi hivi," alisema.

Kitinda aliangalia viatu vyake.

Jioni ile ile gari lilinguruma tena. Mama alipoiona stika, aliigusa kwa kidole.

"Afadhali. Nilikuwa naliogopa hili gari, sikutaka tu kusema. Sasa wenye kazi yao wameliangalia, roho yangu imetulia."

Kitinda alifungua mdomo. Kaka alimtupia jicho. Akaufunga.

Wiki zilipita. Kila gari lilipokata kona likiwa na abiria, tairi la nyuma lilikwaruza bodi, kama mtu anayekwangua sufuria. Harufu ya mpira ulioungua iliingia ndani.

"Kaka, hilo tairi linasagika," Kitinda alimwambia.

"Linajitafutia nafasi tu, litazoea."

Shule zilipofungwa, Kitinda alianza kumsindikiza mama hospitali. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa inateleza. Walipofika kwenye mteremko, tairi lilianza kukwaruza kuliko siku zote.

"Mwanangu, punguza mwendo!" mama aliita kutoka kiti cha nyuma. "Kuna kitu kinalia huku!"

Kaka hakusikia. Injini ilikuwa inanguruma masikioni mwake.

"Anasema upunguze mwendo!" Kitinda alipiga kelele.

"Eti nini?"

Tairi likapasuka. Gari lilizunguka, likaacha barabara, likagonga ukuta wa kalavati. Kitinda alipofumbua macho alisikia mvuke ukitoka kwenye injini. Kaka alikuwa anavuja damu puani. Nyuma, mama alikuwa ameangukia upande wa kushoto, na mkono wake ulikuwa umejikunja mahali pasipokunjika.

Hospitalini daktari aliongea nao kwenye korido.

"Mfupa utaunga. Lakini mshipa tuliouunganisha umeziba, hatuwezi kuutumia tena. Kwa sasa tumemwekea mpira wa kusafishia damu shingoni. Tutajaribu mkono wa kulia baadaye, ila siwezi kuwaahidi. Mishipa yake imechoka."

Trafiki naye alikuja. Alikuwa ameliangalia gari, tairi lililolika hadi nyuzi na springi zilizokatwa.

"Gari hili lilipitaje ukaguzi?" aliuliza.

"Lilipita hivi hivi lilivyo, afande," kaka alisema, bila kumtazama mdogo wake.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nesi alikuja kumjulia hali. Aliwaambia kwamba mkaguzi wa siku ile amesimamishwa kazi. Watu walikuwa wanasema amekula rushwa. Usingizi ulimpotea Kitinda. Chakula nacho kilimshinda.

Mchana mmoja mtu alibisha hodi. Alikuwa mkaguzi mwenyewe. Hakuwa na ovaroli, alivaa shati tu, na alionekana mdogo kuliko Kitinda alivyomkumbuka. Alimpa mama pole, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Sikuja kugombana," alimwambia kaka. "Nimekuja kuuliza tu. Siku ile nililala chini ya gari lako, nikaona springi nzima. Niliziona kwa macho yangu. Sasa nyumbani kwangu naulizwa kila siku, nami nimeanza kujitilia shaka. Niambie, kijana. Au macho yangu yananidanganya?"

Kaka alijikuna shingo. "Mimi sijui, mzee. Kazi ni yako wewe."

Yule mtu alitikisa kichwa polepole, akainuka. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Kitinda aliposema:

"Ziliazimwa."

"Kitinda!" kaka alifoka.

"Springi, rimu na sailensa. Nilimwona akizifunga. Alizitoa jioni ile ile. Na mimi nilijua." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuacha kusema. "Wewe hukukosea chochote."

Mama alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa plasta. Alimtazama kaka kwa muda mrefu.

"Ulinipandisha kwenye gari lile," alisema, "ukijua?"

Kaka alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono.

Siku iliyofuata alikwenda polisi mwenyewe akaeleza yote. Mkaguzi alirudishwa kazini. Kaka alishtakiwa, akanyang'anywa leseni, na faini aliyotozwa ilimfanya akeshe karakana kwa miezi mingi. Gari lilibaki nyuma ya kituo cha polisi likila kutu. Rafiki aliyemwazima vifaa hakuonekana tena pale nyumbani.

Nesi hakuwahi kuwakumbusha usingizi wake. Alizungumza na wakubwa wake kazini, na mama akawekwa kwenye orodha ya wagonjwa wanaochukuliwa na gari la hospitali. Kwa hiyo shida ya usafiri iliisha. Lakini upasuaji wa mkono wa kulia haukufaulu. Mpira wa shingoni ulimletea homa mara kwa mara, na kila mwezi nguo zake zilizidi kumpwaya. Daktari aliacha kuzungumzia mwaka ujao.

Siku moja wakirudi kutoka hospitali, Kitinda alishindwa kujizuia.

"Mama, siku ile ulipoigusa stika, ningekwambia..."

"Ungeniambia, nisingepanda," mama alisema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini haikuwa na hasira. "Sitakuficha hilo, maana tumeshafichana vya kutosha. Mzigo mkubwa ni wa kaka yako. Yeye ni mtu mzima, na alijua anachofanya. Wewe una mzigo mdogo, na itabidi uubebe."

Kitinda alilia. Mama alimwacha alie kwanza, kisha akaendelea.

"Tuliona sheria ile ni usumbufu. Tukaona majirani wana wivu na gari letu. Kumbe wale waliolalamika na yule aliyelala chini na tochi ndio waliokuwa wananilinda. Nyinyi mnaonipenda ndio mliowadanganya. Sikiliza, mwanangu. Mtu unayempenda akikuomba ufiche jambo la hatari, sema siku hiyo hiyo. Atakununia, na atapoa. Ukisubiri mpaka watu waumie, ukweli utamsaidia mwingine, kama ulivyomsaidia yule mkaguzi. Mimi haukunisaidia tena."

"Nimesikia, mama."

"Najua umesikia. Usisahau tu, hata nikiwa sipo."

Gari la hospitali lilisimama mbele ya nyumba. Kaka alitoka ndani, akafungua mlango, akamshika mama kiunoni na kumshusha taratibu.